Kitambaa Cheupe cha Jirani Yangu

Majilio ya mwaka jana, yale majuma ya kungojea Krismasi, nilikwenda Kimilili kuomba msamaha. Tusidanganyane, sikuwa na hamu. Mimi ni mtu wa kusema kwanza na kufikiri baadaye, na neno "nisamehe" hunikwama kooni.

Niliyemkosea alikuwa jirani yangu hapa Matisi, Kitale. Tulikuwa pamoja katika kikundi cha akina mama kanisani, wale wa kufunga kitambaa cheupe kichwani. Kwetu kitambaa hicho si pambo. Ukivunja ndoa unavuliwa mbele ya watu wote, unahamia benchi la nyuma, na meza ya Bwana unaikosa. Mume wa jirani alifanya kazi mbali. Asubuhi tatu nikaona mwanaume akitoka kwake kabla ya chai. Si ningemuuliza tu? Lakini mimi huyo, mbio kwa mwenyekiti wetu, ati nalinda usafi wa kanisa.

Walipomwita alinyamaza, na sisi tukasema amekiri. Siku anavuliwa nilikuwa mstari wa mbele, na nitasema ukweli, nilijisikia msafi. Mumewe aliposikia alimrudisha kwao Kimilili.

Miaka sita ikapita. Yule mwanaume akaja kurekebisha paa la kanisa, na kwa kuwa ameokoka, wakati wa chai akatupa ushuhuda. Aliwahi kuiba ng'ombe Moi's Bridge, akafungwa, na alipotoka wenye ng'ombe walikuwa bado wanamsaka. Dada yake alimficha hapa Matisi siku tatu na hakumwambia mtu, hata mumewe. Hizo ndizo asubuhi tatu nilizozihesabu mimi.

Majilio yakafika, mchungaji akahubiri kwamba asiyepatana na mwenzake asisogee mezani Krismasi. Nilimweleza mwenyekiti yote. Akasema hayo yamepita, tusiwaaibishe wazee wa kanisa. Basi nikanunua kitambaa kipya, nikakipiga pasi, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikapiga magoti palepale, nikaweka kitambaa mbele yake, nikasema yote bila kujitetea. Alinisikiliza, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Inuka, dada," akasema. "Nilikusamehe kitambo. Ningekaa na chuki, shamba ningelima saa ngapi?"

Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Nikamwahidi kwamba Jumapili ningesimama kanisani niseme nilimsingizia, halafu nimpigie simu mumewe. Kwa upole akanieleza kwamba mume ana mke mwingine na watoto wawili. Kitambaa alikikunja vizuri, akanirudishia. Nilitamani anitukane, maana matusi ningeyaweza. Msamaha wake sikujua niufanyie nini. Nilikuwa nimeupata wote, na hakuna kitu hata kimoja ambacho ningeweza kumrudishia.

Akaleta chai na viazi vitamu. Nikangoja abariki chakula, kwa sababu Matisi nzima yeye ndiye alikuwa mwombaji wetu. Mtoto akiugua, yeye aliitwa kabla ya mchungaji. Akanisogezea kikombe.

"Omba wewe," akasema. "Mimi niliacha siku ile mliyonivua."

Nikafumba macho. Nikasema, "Baba yetu," nikakwama hapo, na yeye hakunisaidia.