Pindo la Kushoto

Asubuhi ile mtaa wa mafundi uliamka bila mlio wa cherehani ya Mama Vifungo. Kwa miaka ishirini na miwili mlio huo ndio uliokuwa saa ya majirani. Ukianza tu, kinyozi wa mlango wa pili alijua amechelewa kufungua. Sasa alisimama barazani, ufunguo mkononi, akisikiliza kimya.

Mama Vifungo mwenyewe alikuwa hospitalini, akitazama picha ya kichwa chake.

Mambo yalianza na suruali ya karani. Mama Vifungo hakutumia futi. Alikata kwa jicho, na jicho hilo ndilo lililomjengea jina. Karani akarudi na suruali kwapani. “Fundi, mguu wa kushoto umepanda. Mimi sichechemei!” Wakacheka, akaitengeneza. Wiki hiyohiyo zikarudi sketi mbili, mapindo ya kushoto yameliwa vilevile. Mdogo wake, mpiga pasi wa duka, alizitandaza mezani.

“Dada, wateja wote hawawezi kupinda upande mmoja. Hebu fumba jicho la kulia.”

Akafumba. Kalenda ikayeyuka ukutani.

“Uvimbe huu si saratani, mama,” daktari alisema. “Ila umeuegemea mshipa wa jicho. Unatumia dawa gani?”

“Sijui dawa mimi.”

Mdogo wake akamkanyaga. “Na ile sindano ya miezi mitatu?”

“Ya uzazi? Kwani ile nayo ni dawa? Nachomwa tangu kitinda mimba wangu anatambaa, na sasa ana ndevu!”

Daktari akaweka kalamu chini. Homoni ya sindano ile, alieleza, ikitumiwa miaka mingi, wakati mwingine huulisha uvimbe wa namna hii. Ikiachwa, mara nyingi uvimbe hutulia, pengine hata husinyaa. “Siahidi. Ukizidi kukua, tutapasua. Tuanze kwa kuunyima chakula.”

“Na jicho langu?” Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Bila jicho, yeye ni nani?

“Tusubiri, mama.”

Dukani, yeye na mdogo wake wakabadilishana viti. Mdogo alishona kama anayekimbizwa, na Mama Vifungo akaunguza kola tatu kwa pasi. Kila asubuhi alifunika jicho la kulia akaikabili kalenda. Mwezi wa pili aliona kuna picha. Wa nne, kwamba ni picha ya farasi. Wa sita akasoma tarehe kwa sauti, na mdogo wake akaacha uzi ukatike.

Picha mpya ya kichwa ilionyesha uvimbe umepungua, umejitenga kidogo na mshipa.

“Rudi kwenye pasi yako,” alimwambia mdogo wake, “kabla hujaniharibia jina.”

“Jina uliliharibu mwenyewe, dada. Vaa futi.”

Akaivaa.

Siku hizi yuko kwenye cherehani yake kuanzia saa mbili asubuhi, futi shingoni, na kila mwaka hurudi hospitalini kupigwa picha.