Jua Lililopatwa kwa Chekeche

Miaka mitatu nilimchukia Nyamizi bure. Hakunitukana, hakuniibia kuni, hakunisengenya. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakumtazama mtu usoni. Ukimwamkia, anageuza kichwa pembeni na kukuangalia kwa kona ya jicho, kisha ndipo anaitikia. Mimi nilikuja kutoka Bukoba na maringo yangu mwenyewe, nikajiuliza, huyu Msumbwa ananidharau kwa lipi?

Tulifanya kazi pamoja kwenye machimbo madogo upande wa Geita. Waume zetu walishuka shimoni na kupandisha mawe; sisi tuliyaponda, tukayachekecha, tukaosha unga wake kwenye karai ili dhahabu, kama ipo, ibaki chini. Mara nyingi haikuwapo. Kila mwanamke alikuwa na chekeche lake, na la Nyamizi lilikuwa kituko. Alikata kitako cha debe la mafuta ya taa, akakitoboa kwa msumari wa pembe nne, safu kumi kwa kumi, shimo na shimo yamepishana kidole kizima.

"Mama Makoye," nilimwambia, "hilo ni chekeche la mvivu. Ongeza mashimo."

"Nayapenda yakae mbalimbali," akajibu, na kona yake ya jicho.

Jua lilipoanza kushuka, alikuwa na tabia ya kuacha kazi kidogo. Anasimama mbele ya ukuta wa ghala, ule uliopakwa chokaa, analigeuzia jua mgongo, anainua chekeche juu ya bega lake, na ukuta unajaa madoa ya nuru. Anayasogeza taratibu huku na huku, midomo imelegea, utadhani anambembeleza mtoto asiyeonekana.

"Mama Justa," aliniita siku moja, "matundu nimeyatoboa ya pembe nne. Mbona nuru yake ni duara?"

"Nuru haina pembe. Ponda mawe."

Ndivyo nilivyokuwa.

Mume wake, Ngassa, alikuwa Msukuma wa Kishapu, mrefu, mpole, mtu wa ndoto. Kila asubuhi alituambia alichoota na upande ambao ndoto imeelekeza. Miaka tisa alichimba kwa kufuata ndoto na hakuwahi kupata. Jioni alikaa kwenye kigoda akikabiliana na mkewe, akimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na kugeuka kila mara kumsimulia yaliyokuwa wazi kwa macho ya wote wawili. "Mayu, mlima leo umevaa moshi. Yule anayekuja ni Mama Justa, kafunga kilemba chekundu, kanuna." Nilisikia hayo kwa masikio yangu, nikajua wananisengenya. Kumbe Ngassa aliamini mkewe ana haya nyingi mno hata hawezi kuwakazia watu macho, basi alikuwa akimtazamia.

Mwaka wa arobaini na saba, mwezi wa tano, Mwalimu Bartholomeo wa shule ya misheni alitufikia na gazeti. Akapanda juu ya kreti na kusoma: Jumanne, tarehe ishirini, jioni, jua litapatwa.

Pwani mtu akisikia jua kupatwa anaelewa. Sisi Kiswahili tulikiokota njiani, kila mtu na lugha ya mama yake nyumbani, na machimboni neno kupata lilikuwa na kazi moja tu. Ukisikia "fulani kapata," huulizi kapata nini. Unakwenda kumwona ununuliwe pombe.

"Litapatwa na nani?" Ngassa akauliza.

"Na mwezi," mwalimu akajibu.

Wanaume wakaangua kicheko. Mwezi upate, wao wachimbaji wakose? Mwalimu akajaribu kueleza kwa ngumi mbili na kibatari, akaishia kuunguza mkono wa shati. Kisha akasoma onyo: lisitazamwe kwa macho matupu, macho yataharibika.

"Aa, ndipo lilipo," akasema mmoja kutoka nyuma. "Wanataka tuinamishe vichwa ili walipate wao."

Hapo habari ikawa imekwisha haribika. Kufika jioni kambi nzima ilikuwa na sheria yake: atakayelishika jua kwa macho mawili tangu linapoanza kuliwa hadi mwisho, bila kukwepesha, huyo wiki ijayo atapata. Usiku huo Ngassa akaota amelidaka jua ndani ya kofia yake. Asubuhi alitusimulia akitetemeka kwa furaha. Ndoto zote za miaka tisa, alisema, zilikuwa zikimwandaa kwa hii moja.

Nyamizi alisikiliza, akaenda zake kijitoni. Nilimkuta ameketi na karai tupu mapajani.

"Mama Justa, njoo ukae mbele yangu."

Nikakaa. Akanielekezea uso wake wote, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Macho yalikuwa mazuri, meusi, mazima.

"Kilemba chako nakiona," akasema. "Masikio nayaona, na mabega. Uso sina. Katikati pana doa, na kila ninachokitazama linakwenda kukikalia."

Akanisimulia polepole, mkono wake ukichezea maji. Alikuwa msichana kwao Nyahanga, karibu na Kahama, akichunga mbuzi asubuhi. Jua likaanza kumegwa. Bibi yake akawaita watoto wote ndani, yeye akajificha nyuma ya zizi na kulitazama hadi lilipokuwa zima tena. Lilikuwa zuri, alisema, zuri kiasi kwamba hakusikia mbuzi wakiingia shambani. Na halikumuuma hata kidogo. Jioni alipokwenda kupokea chakula, bibi hakuwa na uso.

"Nikamwambia bibi nimeliona jua. Akasema, hata mimi nimeliona, ndani, kwenye majivu. Limepita kwenye tundu la paa na kulala chini, limepinda sawasawa na mwezi mchanga. Nilimcheka. Nilidhani ni uongo wa wazee."

Sasa nikaelewa chekeche la mvivu: kila shimo lake lilikuwa tundu la paa la bibi.

"Baba Makoye hajui?"

"Alinioa kwa ajili ya macho haya ya pembeni. Aliwaambia wazee wake, huyu binti ana haya, ndiye ninayemtaka. Nimwambie nini mimi? Nimwambie sina haya, nakutafuta?" Akacheka, kicheko kikakatika. "Miaka kumi na minne anapendezwa na kitu ambacho hakipo. Nikisema, nitakipoteza. Nisiposema, Jumanne atakuwa sawa na mimi, na yeye ndiye macho ya nyumba yetu. Tutakaa wawili pale mlangoni, nani amwambie mwenzake mlima umevaa nini?"

Nililia, sikatai. Nililia kwa ajili yake, na pia kwa miaka mitatu ya chuki yangu ya kipumbavu.

Jumanne ile mbingu ilikuwa safi. Mvua zilikuwa zimekwisha, majani bado mabichi. Kufika saa kumi na moja jioni wanaume walikuwa wamepanda juu ya kifusi, ule mlima wa mawe yaliyotolewa shimoni, wakaketi wakielekea magharibi. Ngassa alikaa kileleni, kofia mapajani, akitazama miguu yake na kungoja wakati. Mwingine alikuwa ameleta karai la maji alitazame jua humo.

Nyamizi akapanda kifusi. Alipanda kwa kupapasa, chekeche kwapani, akasimama kati ya mumewe na jua.

"Mayu, rudi nyumbani," Ngassa akasema kwa upole. "Unaniziba."

"Ngassa."

Wanaume wakageuka. Hakuna mke aliyemwita mumewe jina mbele za watu.

"Ngassa, miaka kumi na minne sijakuona pua."

Mtu akacheka, akanyamaza peke yake.

"Jua lilipopatwa nikiwa msichana, nililitazama. Sikukwepesha. Nililishika hadi mwisho, kama mnavyotaka ninyi. Mnataka kujua nilipata nini? Nilipata doa. Limekaa katikati ya kila kitu, limemkalia Makoye tangu nilipomzaa, limekukalia wewe. Ninapokutazama kando si haya. Sina haya mimi. Ni hapo pembeni tu unapoonekana."

Upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Mimi niliyekuwa chini nilimwona Ngassa akiinuka. Kisha akavaa kofia yake, akaivuta hadi kwenye nyusi, akamshika mkono, wakashuka. Kwa mguu wake Nyamizi alilipiga lile karai likabiringika na maji yake yote. "Na maji ni kioo," akamwambia mwenye nalo.

Hakutuambia tuende kujifungia ndani. Alitupanga mbele ya ukuta wa ghala, migongo kwenye jua, akarudi nyuma hatua mbili na kuinua chekeche.

Sijui niseme nini kuhusu ukuta ule. Nilikuwa nimeuona kila siku. Sasa ulikuwa na majua mia moja, kila moja na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kila moja limemegwa upande uleule. Ngassa akagusa moja kwa kidole, likapanda juu ya ukucha wake na kukaa hapo.

"Limepatwa," akanong'ona.

Wakashuka wengine, mmoja mmoja, kwa aibu, kisha kwa haraka. Mara wakawa wanagombania. "Hili langu!" "Lako ni lile la pembeni, mwizi wewe!" Wanaume wenye ndevu walikinga viganja ukutani. Mmoja alikinga kofia, Ngassa akamsogeza taratibu na kukinga ya kwake, na jua likaingia ndani, kama alivyoota.

Majua yakazidi kukonda. Nuru ikawa ya ajabu, si ya jioni na si ya asubuhi, vivuli vikachongoka, nikaweza kuhesabu nywele za kivuli changu. Kuku wakaanza kuingia bandani. Hakuna aliyepiga kelele tena. Tulisimama tukiwa na vipande vyembamba vya jua mashavuni na mikononi, na mimi nilihisi kwamba ningeweza kusimama vile hadi nizeeke.

Ngassa akamkumbuka mkewe, aliyekuwa ameshika chekeche muda wote huo bila kutetereka.

"Mayu," akauliza, na sauti ilikuwa na hofu, "wewe unaona?"

"Naona."

"Na doa?"

"Nikilitazama moja, doa linalifunika," Nyamizi akasema. "Lakini yanabaki tisini na tisa." Akaanza kucheka, machozi yanamtiririka, mikono yote miwili juu. "Baba Makoye, halitoshi! Doa halitoshi kuyafunika yote!"

Ngassa akamwendea, akashika upande mmoja wa chekeche, wakaliinua pamoja hadi vile vipande vilipoanza kunenepa tena. Jua halikuwahi kuwa zima tena jioni ile. Lilitua nyuma ya vilima likiwa bado na pengo.

Wiki iliyofuata hakuna aliyepata. Wanaume walisema ni kwa sababu tulilishika jua kwa mgongo. Wawili tu walikuwa wamebaki kileleni hadi mwisho, na mmoja wao alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nami ninaona kitu cheusi ndani ya uji wangu. Nilimpeleka kwa Nyamizi. Sijui walizungumza nini.

Lakini jioni ileile ya Jumanne nilipita mlangoni kwao, na sikupita kwa bahati, nilikwenda kuchungulia. Nyamizi alikuwa amekaa anautazama mlima. Ngassa alisimama na kigoda chake mkononi, kile alichokuwa akikikalia siku zote mbele yake, uso kwa uso. Akakizungusha, akakiweka ubavuni pa mkewe, nyuma kidogo ya bega.

"Hapa?"

"Sogea mbele kidogo."

Akasogea.

"Hapo," akasema Nyamizi, macho yake mbele, kwenye mlima, akamshukuru kwa lugha ya kwao mume: "Wabeja. Hapo nakuona."