Pua ya Wakoli

Mtaa mzima wa Gatwekera ulijua kwamba beseni likipasuka halitupwi, linapelekwa kwa Wakoli. Alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, kifua mbele kama jogoo wa kukodishwa, mwenye meza moja, jiko la makaa, visu vitatu visivyoweza kukata hata ugali, na maringo ya kutosha kaunti mbili. Visu vyenyewe havikuwa vya kukata. Alivipasha moto, akalaza ukanda wa plastiki juu ya ufa, akaubonyeza polepole mpaka ukanda na beseni vikawa kitu kimoja. Aliwahi kuunga kiti kilichovunjwa na askofu wa kilo mia na thelathini, na askofu akakikalia tena mahubiri yote, pamoja na matangazo. Hiyo Wakoli aliisimulia hata kwa watu waliosimama pale kuuliza njia tu.

Sasa kaa vizuri, maana hapa hata wasomi hujichanganya. Kuna plastiki kama ile ya mkono wa sufuria: ukiichoma inakuwa makaa, haiyeyuki, imekwisha. Halafu kuna ile ambayo moto ukiigusa inalegea, ikipoa inakaza, na ukiirudia inalegea tena bila kinyongo. Vitabuni inaitwa thamoplastiki, jina refu la kutishia watoto wa darasa la saba. Wakoli aliishia la sita, kwa hivyo halikumpata. Yeye alizipa plastiki zake majina kwa harufu ya moshi. Mitungi na matangi ya maji aliyaita "mshumaa", kwa sababu moshi wake unanuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Viti na mabeseni magumu yalikuwa "dizeli". Mabomba yalikuwa "pilipili", na hayo hakuyataka karibu na meza yake.

Na kazi yote ilikuwa hapo. Mshumaa unaungwa kwa mshumaa, dizeli kwa dizeli. Ukichanganya, vinashikana machoni tu, na siku ya kubeba mzigo vinaachana. Plastiki mpya unaweza kuibonyeza kwa ukucha ukajua ni gani, lakini iliyopigwa jua miaka sita juu ya mabati hukauka, zote zikawa sawa, na ukizitia majini zote mbili zinaelea. Kinachobaki ni kuchoma kipande kidogo na kunusa.

Basi pua ya Wakoli ikafa. Homa ilimlaza wiki mbili, ikaondoka, ikaenda na harufu zote. Alijua siku mkewe Mourine aliporudi na kumkuta amekaa kando ya sufuria, moshi umejaa nyumba, mboga imekuwa lami, naye anasoma gazeti.

"Baba Elvis, husikii hiyo harufu?"

"Nasikia," akasema Wakoli, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza.

Ukweli alimwambia mtu mmoja duniani: Okello. Huyu alitoka upande wa ziwa, mrefu, mpole, na alikuwa amekaa naye kwenye meza ile miaka tisa, akipuliza jiko na kukata kanda. Wakoli alimwambia asubuhi, kabla ya wateja, macho yakiwa chini kama mtu anayeungama.

"Omera, ndugu yangu, wakijua, nimekwisha."

"Hawatajua," Okello akasema. "Mimi nitanusa. Nikikohoa mara moja, mshumaa. Mara mbili, dizeli."

"Na pilipili?"

"Pilipili nitakohoa bila kupenda."

Wakacheka mpaka Wakoli akafuta machozi. Tangu siku hiyo Okello alichoma, akanusa, akakohoa, na Wakoli akainua kidole juu kama daktari na kutangaza jibu. Wateja walimhurumia Okello. Kuna mama alimletea tangawizi kila Jumatatu, akimwambia akapimwe kifua.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo kikundi cha akina mama wa Raila, mtaa wa jirani, kikapata balaa: jukwaa la tangi lao la maji lilianguka, na tangi jeusi la lita elfu tano likapasuka ubavuni, ufa wa urefu wa mtu. Mwenyekiti wao Nereah, ambaye wote walimwita Mama Marion, akaja mwenyewe.

"Fundi, kuna wengine wanasema tununue lingine. Mimi nimewaambia Wakoli yupo. Usiniaibishe."

"Mama Marion, mimi niliunga kiti cha askofu."

"Najua, fundi. Umeniambia mara nne."

Wakoli hakulala kwa furaha. Tangi lile lilikuwa pembeni mwa njia, kila mtu wa Raila angepita akiuona mkono wake. Asubuhi alijua tangi ni mshumaa, hilo halikuwa na swali. Swali lilikuwa ukanda wa kuungia. Okello alikuja na gunia la kanda nyeusi, kavu, zilizochakaa kwa jua. Akachoma kipande mbele ya akina mama, akanusa, akafikiri.

Akakohoa mara moja.

"Mshumaa!" Wakoli akatangaza, kidole juu. Akafanya kazi mpaka saa nane, jasho likimdondoka kidevuni, na akamaliza na mshono laini kama mgongo wa samaki. Akina mama wakapiga makofi. Okello akasema ana shughuli, akaondoka mapema.

Kesho yake wakafungulia maji. Tangi lilijaa robo, likajaa nusu, na Wakoli akaanza kumweleza mtu kuhusu askofu. Kitu kikasema *taa!* na mshono wote ukafunguka kama zipu, kutoka juu mpaka chini. Maji yakashuka njiani, yakabeba ndala, yakaingia kwa muuza mandazi. Mama Marion alisimama katikati ya mafuriko akaokota ule ukanda. Ulikuwa umebanduka mzima, safi, bila hata unyuzi wa tangi.

"Umetoka kama ganda la ndizi, fundi."

Wakoli aliushika, akaugeuza. Ni dizeli tu ndiyo hubanduka juu ya mshumaa namna ile.

"Kumbe ni kweli," Mama Marion akasema, bila hasira, na hiyo iliuma zaidi. "Okello alinipigia jana jioni. Akasema ikishindikana nimwite yeye. Ati wewe pua yako ilikufa kitambo."

Okello alikuwa amehamia mtaa wa Kawangware, na Wakoli alimfuata kwa miguu. Aliambiwa aulize kituo cha Forty-Six, na hakuuliza sana, kwa maana kibao kilionekana mbali, rangi bado mbichi: OKELLO MATANGI. TUNANUSA KWANZA. Okello alikuwa nyuma ya meza mpya, visu vitatu vikiwa motoni. Alipomwona hakukimbia.

"Ulikohoa mara moja," Wakoli akasema.

"Nilikohoa mara moja."

"Na ulijua ni dizeli."

"Niliukata mwenyewe kwenye kiti." Okello akageuza kisu. "Omera, miaka kumi na moja. Unajua watu waliniita nani? Yule wa kukohoa. Yule mwenye TB wa Wakoli."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Umewahi kufunga mdomo?"

Wakoli alitafuta tusi, la Kibukusu cha kwao, la Kiswahili, hata la Kijaluo alilofundishwa na huyu huyu. Akabaki akiangalia mikono ya Okello. Ilikuwa ikishika kisu kwa kidole gumba juu ya mgongo wa chuma, vile alivyomfundisha yeye.

Jumamosi Okello aliunga tangi la Raila, na likashika. Wakoli alipita pale kama mtu mwenye safari zake, akapapasa mshono kwa kidole. Ulikuwa mzuri.

Siku hizi yupo bado Gatwekera, lakini haringi. Mteja akija anamwambia wazi: mimi sina pua, nusa wewe. Halafu anamwita mpita njia anuse pia, halafu jirani. Watatu wakikubaliana ndipo anainua kisu, na hata hapo anawaangalia machoni, mmoja mmoja, mpaka wengine wanachoka na kwenda na mabeseni yao. Juzi Nanyama, ambaye wanatoka naye kijiji kimoja Bungoma, alileta mtungi. Akanusa kipande kilichochomwa.

"Mshumaa, fundi."

"Una uhakika?"

"Mshumaa. Huyu naye amesema mshumaa, na yule mshumaa. Kwani nikudanganye nipate nini?"

Wakoli alikuwa ameinua kisu tayari, na alikishika hapo juu ya ufa akimtazama, mpaka kikapoa, akakirudisha motoni.