Siku Nilipouachia Mkia wa Ndege

Mkasa huu nauandika polepole, maana kila nikiufikiria mashavu yananiwaka. Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, wenzangu hawana hatia, hata ndege yenyewe haina hatia.

Zamani za utawala wa Wajerumani, Mdachi mmoja, ndivyo tulivyowaita, alileta ndege yake ndogo kwa treni, iko vipande vipande masandukuni, akaiunganisha kwenye uwanja wa nyasi upande wa Kihonda. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, na haikuwa na breki (hata toroli la reli lina breki, lakini yeye alisema ndege haihitaji, ina watu). Watu wenyewe ndio sisi, vijana sita wa kushika mkia injini ikinguruma, mpaka yeye ainue mkono ndipo tuachie wote pamoja. Niliona haya kutazamwa na umati uliokuja, nikachagua kukaa pembeni kabisa, karibu na njia ya miguu, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Wiki ile mjomba alikuwa amenipelekea posa Mlali, kwa mama yake Zuhura, na jibu lilikuwa bado. Kwetu Waluguru, kijana aliyeposa hakutani macho kwa macho na mama mkwe. Akimwona njiani huingia kichakani ampishe, la sivyo ataambiwa hana adabu na mchumba atamkosa. Sasa injini inanguruma, Mdachi ameinama anafunga mkanda, mimi nageuza uso kukwepa vumbi, namwona mama Zuhura huyo, kikapu cha maharage kichwani, anakuja kwa njia ile ile.

"Kibwana, mkwe," nikamwambia jirani yangu.

"Shika mkia wewe. Mkwe hali watu."

Nikaachia, nikaingia kichakani. Kibwana akashikwa na kicheko, mikono ikamlegea, na wale wanne walipotuona wawili tumeachia wakadhani mkono umeinuliwa, wakaachia pia. Ndege ikaondoka na Mdachi wake hata hajajiandaa, ikawaelekea kina mama waliokuwa wamekaa na vikapu vyao. Nikatoka mbio, nikaukumbatia mkia, ikaniburuza nyasini huku nikipiga kelele watu wapishe, na shuka niliyojifunga kiunoni ikanaswa na kisiki ikabaki nyuma. Mdachi akaizima injini, gurudumu likakwama kwenye matuta ya viazi, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Ila nilipoinua kichwa nilikuwa kama nilivyozaliwa, hatua tatu kutoka kwa mama Zuhura.

"Shikamoo, mama," nikasema (sijui kwa nini, mdomo ulitangulia).

Akageukia mlimani. Kibwana akaja akanirushia shuka. "Umeamkia vizuri," akasema, "sasa vaa."

Mdachi alinifukuza papo hapo, nikashukuru hakuagiza kiboko. Siku tatu sikutoka ndani. Mjomba akapanda Mlali kuiondoa posa kabla hatujafukuzwa na huko pia.

"Kijana wetu ametuaibisha, mama," akamwambia. "Tumekuja kuomba radhi na kuichukua posa yetu."

"Ametuaibisha kwa lipi?" akajibu yule mama. "Mimi siku ile nilikuwa natazama mlimani. Nilichosikia ni kwamba kuna kijana alilizuia lile dude lisiwakanyage wanawake. Posa iacheni hapo hapo."

Zuhura nilimpata. Lakini nimejiapia: adabu ya mkwe naweza kuitimiza kwa kuinamisha uso, na mikono ikabaki pale wenzangu wanapoitegemea.