Kibofu Kilichokataa Kusinyaa

Mwalimu wetu wa darasa la saba alituambia kwamba ulimwengu unatanuka. Alitia nukta za kalamu kwenye puto, mojawapo ya yale yaliyoanza kujaa madukani kwetu Somanda biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, akapuliza, likapasuka kabla hajamaliza kueleza. Wenzangu wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani na nyota kichwani, najikwaa kila mahali.

Nafasi yangu ilikuja alipochinjwa ng'ombe wa kumuaga kaka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakija na malori yao, kila mtu akataka kulima pamba zaidi, malisho yakabanwa. Kaka akaamua kuhamia Rukwa na mifugo. Niliomba kibofu cha yule ng'ombe. Watoto wa kwetu hukipuliza wakafanya mpira, lakini mimi nilibandika juu yake mbegu saba za pamba kwa utomvu unaonata wa mnyaa wa uzioni, kila mbegu kaya moja ya ukoo wetu. Ya kaka niliipaka masizi nisiipoteze, nikaiweka ikigusana na yetu.

Nilipuliza adhuhuri, uani, mbele ya kaka na mama. Mbegu zikaachana. Nikawaeleza kwamba hakuna hata moja iliyotembea, ila ngozi ya chini ndiyo inayovutika. Na ukisimama kwenye mbegu yoyote, utajiona umetulia na wenzako wote wanakukimbia, wa mbali ndio wa haraka zaidi.

"Basi mimi sihami, mwalimu," kaka akanitania. "Ni nchi inayotanuka."

Nilicheka, nusura kibofu kiniponyoke. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama zile mbegu mbili zilizokuwa zimegusana. Akauliza katikati yake ni wapi, mahali ambapo mtu angesimama akawaita wote wakamsikia. Nikamjibu kwamba mwalimu alisema hakuna.

"Toa hewa," akasema. "Warudi."

Nilimwambia nitatoa. Lakini nilikifunga uzi nikakitundika kwenye uzio wa zizi ili majirani nao wakione, na kesho yake kaka akaondoka na ng'ombe, vumbi, vilio, nikasahau siku tatu nzima. Nilipokumbuka, kilikuwa kimekauka. Nilifungua uzi; haukutoka hata upepo mdogo, nacho kikabaki kikubwa vilevile, mdomo wazi, kitupu. Nikakibonyeza kikalia kama karatasi. Zizi lilikuwa tupu na jua la utosi. Upepo ukapita mdomoni mwake, kikavuma, na mama akatoka jikoni akifuta mikono.

"Nani ananiita?"

Nilimwonyesha. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alikiviringisha kwenye kitambaa kibichi, akakiweka ndani ya bakuli kando ya mtungi, akawa anakinyunyizia maji kila asubuhi huku akinong'ona Kisukuma, kama mtu anayembembeleza ndama anyonye.

Siku ya tano akaniita. Kibofu kilikuwa kimelegea, kimesinyaa kama alivyotaka, mbegu zote zimesogeleana. Sita zilikuwa zimeoza. Ile ya masizi ilikuwa imepasuka, na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, umetoboa ngozi ukatokea upande wa pili.

Nilitaka kusema kwamba mbegu ikipata unyevu huota, kila mtu anajua. Badala yake nikaugusa ule mzizi kwa ncha ya kidole.

"Mayu," nikamwita mama.

"Ameota huko," akasema. "Harudi, mwanangu."

Alichukua jembe akaenda pale kaya ya kaka ilipokuwa, ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa, akaifukia ile mbegu pamoja na kibofu chake. Tangu siku ile hakukaa tena mlangoni kutazama barabara aliyoondokea kaka.

Kumwagilia kuliniangukia mimi. Mche ukachomoza, wenye afya kabisa. Kila asubuhi nilipima kwa hatua kutoka mlangoni kwetu hadi pale, na kila asubuhi zilikuwa hatua zilezile. Hata hivyo, kesho yake nilipima tena.