Boga la Nyuzi na Konzi Mbili za Ulezi

Boga lenyewe halikuzidi ngumi ya mwanamke. Kunegunda alilifuma mwezi wa Septemba, mwaka wa pili tangu askari wa Wajerumani wapite wakichoma vihenge na mashamba. Mikono yake ilikuwa imechoka, na kila baada ya vitanzi vichache aliilaza mapajani ipumzike, halafu akaanza tena.

"Shoga, hilo ni boga au ni jipu?" Zabibu alimuuliza, akiwa amejinyoosha kwenye mkeka kando yake.

"Ni boga."

"Haya. Mimi kwa njaa niliyonayo hata jipu naweza kulitazama mara mbili."

Kunegunda alitaka kucheka, ila kucheka nako kulihitaji nguvu. Aliingiza kulabu yake katika kitanzi kilichofuata, akavuta uzi.

Walikuwa wakiishi watu watatu katika kibanda kimoja pale Mshangano, karibu na kigango kidogo cha masista. Zabibu alikuwa Myao aliyetoka upande wa Tunduru, mjane, hana mtoto. Kunegunda naye alikuwa mjane. Mumewe alikunywa ile dawa ya maji iliyosemwa kukinga risasi, akaondoka na wenzake asubuhi moja bila hata kufunga mlango wa zizi, na habari zake zikaishia hapo. Wa tatu alikuwa Adela, mtoto wa dada yake Kunegunda, mwenye umri wa miaka kama mitano.

Huyo dada aliitwa Tabu. Alitembea na Adela mgongoni kutoka Mpitimbi, akafika Mshangano mwezi wa Julai akiwa mifupa mitupu, akakaa siku nne, akafa. Walimzika nyuma ya kibanda, kwa sababu hakukuwa na wanaume wa kumbeba mbali. Zamani marehemu aliwekewa unga wa ulezi kichwani pa kaburi, asiende safari yake na njaa. Kunegunda alikuwa amebatizwa na mambo hayo alishayaacha. Na hata kama asingeyaacha, unga angeutoa wapi? Lakini siku ile uchungu ulimshinda, akasema kwa sauti mbele ya wote: "Dada yangu tumemzika na njaa yake. Hata punje moja hatukumpa."

Adela alikuwepo, ameshika upindo wa nguo yake. Tangu siku hiyo mtoto hakusema neno. Akiitwa alikuja, akipewa uji alikunywa, lakini ulimi wake ulinyamaza kabisa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomfanya Kunegunda aamke asubuhi. Tabu alikuwa amekuja na konzi mbili za mbegu za ulezi, zimefungwa katika kitambaa kiunoni. Alikufa njaa na mbegu zikiwa mwilini mwake, hakuzigusa. Mvua ikinyesha na mbegu zipo, mwaka ujao Adela atakula. Zisipokuwepo, watabaki kusubiri bakuli la uji la masista, na uji wenyewe ulikuwa unazidi kuwa mwepesi. Lakini pa kuzificha hapakuwepo. Vibanda vilivunjwa mchana watu wakiwa kazini, vyungu vikapekuliwa, hata majivu ya jikoni yakachekechwa. Nani amlaumu mwenye njaa?

Wazo la boga lilimjia kigangoni. Sista Walburga aliwafundisha wanawake kufuma kwa kulabu mapambo ya kitambaa cha altare, na baada ya kazi wakapata uji. Kunegunda alimwomba vipande vya nyuzi vilivyobaki, amfumie mtoto kitu cha kuchezea. Kule Mpitimbi, alieleza, Adela alipenda kubeba maboga machanga mgongoni kama watoto.

Sista alifurahi. Alimwonyesha jinsi ya kuanza kitu cha duara: unazungusha uzi kidoleni, unafuma vitanzi sita ndani ya ile pete, kisha unavuta mkia wa uzi ili pete ijifunge. Mzunguko wa pili kila kitanzi kinazaa viwili. Unaendelea kuongeza mpaka tumbo lipanuke, kisha unapunguza, unajaza, unafunga.

"Vuta, Kunegunda," Sista alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Vuta mpaka tundu life. Tundu likibaki, vyote vya tumboni vitatoka."

Kunegunda alivuta, lakini alivuta kwa woga. Uzi wake ulikuwa wa kuungaunga, na ukikatika hakuwa na mwingine. Tundu lilibaki dogo, la kupitisha ncha ya mwiba. Alilitazama, akaona litakuwa chini, nani ataliona? Akasonga mbele. Kazi nyingine aliifanya vizuri. Kulabu aliichonga mwenyewe kwa mwanzi. Nyuzi alizichemsha na magome ya mninga mpaka zikawa nyekundu kama boga lililokomaa. Alipitisha uzi kutoka juu hadi chini mara sita, akaukaza, na boga likapata mabonde yake. Kikonyo alikifuma kwa uzi usiotiwa rangi.

Tumboni alitia ulezi wote wa Tabu, Zabibu akiwa amekwenda kuchota maji. Kisha akampa Adela.

"Hili boga ni lako. Usimpe mtu. Usiliache. Umenisikia, mwanangu?"

Adela alilipima kiganjani. Alilitikisa, akalisikiliza. Kisha akalifunga mgongoni kwa kitambaa cha marehemu mama yake, akatoka nje.

Basi Oktoba ikapita, na Novemba. Kila jioni Kunegunda aliliinua boga mgongoni mwa mtoto, akahisi uzito wake, akamshukuru Mungu. Wakati mwingine alimwona Adela amechuchumaa nyuma ya kibanda, kaburini kwa mama yake, akichimbachimba kwa kidole. Aliona ni mchezo wa mtoto mwenye huzuni, akamwacha. Hakuwa na nguvu za kumfuata kila anakokwenda.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo. Kunegunda na Zabibu walilima kipande kidogo karibu na kijito, wakipokezana jembe moja, huyu akilima huyu amekaa. Kilipokuwa tayari, Kunegunda alimwita Adela, akachukua boga, akafumua kikonyo chake, akalikung'uta juu ya ungo.

Ulitoka mchanga.

Alilikung'uta tena. Mchanga mwekundu, laini, na katikati yake punje za ulezi zisizofika hata kumi.

Zabibu alisogea kutazama. "Kumbe humu mlikuwa na nini?"

"Unajua kulikuwa na nini."

"Mimi? Nitajuaje?"

"Unalala hatua moja na mtoto, Zabibu. Nani mwingine? Umezila mbegu za dada yangu, ukanijazia mchanga nisijue!"

"Astaghfirullahi," Zabibu alisema taratibu. "Nimelima shamba lako kwa tumbo tupu, Kunegunda. Ningekuwa na ulezi tumboni, si ningelima haraka zaidi?"

Akakunja mkeka wake, akaenda kulala kwenye baraza la watu wengine. Adela alikuwa ameukumbatia mlango, macho yakienda kwa huyu na kwa yule. Kunegunda hakumwona. Alikuwa amekaa chini na ungo miguuni, akihisi uchovu wa miaka miwili umemwangukia kwa mara moja. Hakulia. Kesho yake hakwenda kigangoni, na kesho kutwa pia.

Siku ya sita alitoka nyuma ya kibanda. Alitaka kumwomba Tabu msamaha kwa kuzipoteza mbegu zake, na kumwomba Mungu msamaha kwa kuzungumza na Tabu. Alipiga magoti, akainamisha kichwa, na ndipo akaona majani.

Kaburi lilikuwa limeota. Vichipukizi vyembamba vya kijani vilijaa upande wa kichwani, vitatu vitatu, vinne vinne, kila fungu ndani ya kishimo cha ukubwa wa kidole cha mtoto. Kunegunda alikuwa mkulima tangu azaliwe. Alichuma kimoja, akakitazama shina, akakitafuna. Ulikuwa ulezi.

Adela alikuwa amesimama nyuma yake na boga lililonywea mkononi. Kunegunda alilichukua, akaligeuza. Chini, pale alipoanzia, lile tundu ambalo hakulivuta likafa lilikuwa limepanuka kiasi cha kidole kidogo kuingia, na jani la kuzibia bado limenasa ukingoni.

"Mama alikuwa na njaa," Adela alisema.

Sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu mzima mgonjwa. Kunegunda hakuthubutu hata kugeuka upesi.

"Ulisema hatukumpa. Nikawa nampa kidogo kidogo. Nikafukia ili ndege wasile." Kisha akaongeza, "Mchanga nilitia ili libaki zito, usije ukalia."

Kunegunda alimvuta kifuani, na sasa akalia.

Alipoweza kusimama, alimshika mtoto mkono, wakaenda pale alipolala Zabibu. Alipiga magoti mbele yake, mbele ya watu wa baraza.

"Nimekukosea, dada. Nimekuita mwizi na mwizi hayupo."

"Inuka," Zabibu alisema. "Utachafua nguo, na sabuni hatuna." Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Ulezi uko wapi?"

Alipoonyeshwa, alichuchumaa kando ya kaburi. Sasa kulikuwa na neno ambalo hakuna aliyetaka kulianza. Ulezi ukiachwa pale ungesongamana na kufa. Ungeweza kung'olewa ukahamishiwa shambani ukishafika kimo cha kiganja. Kila mkulima alijua hilo. Lakini kung'oa kitu juu ya kaburi, kitu alichopewa marehemu!

"Siwezi," Kunegunda alisema. "Nimemzika na njaa, kisha nimnyang'anye chakula chake?"

"Alitembea kutoka Mpitimbi anazo kiunoni na hakuzila," Zabibu alisema. "Unafikiri sasa ndio atazila? Amezitunza tena, shoga. Mara ya pili. Na wewe bado unabishana naye."

Walisubiri wiki tatu. Sista Walburga alipoambiwa, alikuja mwenyewe, akafanya ishara ya msalaba, kisha akapandisha mikono ya kanzu yake na kuwasaidia kuchimbua miche. Kunegunda aliipanda mmoja mmoja, kwa mgongo uliouma, akipumzika kila mstari. Adela alimwelekeza aache mashina matatu kichwani pa mama yake, wakayaacha.

Marehemu bibi yetu Adela, tuliyemzika mwezi uliopita, Mungu amweke mahali pema, alituambia kwamba mavuno yale hayakujaza hata kihenge kimoja. Walikula kwa kubania, na konzi mbili za kwanza wakaziweka kuwa mbegu. Kunegunda aliliosha boga akalijaza sufi. Sista alimpa uzi mpya, akamwambia afumue mzunguko wa kwanza na kuuanza upya, sasa alivyozoea kazi.

Kunegunda alishika kulabu yake, akaligeuza boga mara mbili, akalitazama lile tundu ulikopitia ulezi. Kisha akalikatia kiraka kidogo cha nguo ya Tabu, akalishonea kwa juu bila kuvuta kitanzi hata kimoja, akamrudishia mtoto wake.