Soli za Mama Zilizokaa Kanisani

Niliondoka Voi Jumamosi moja nikiwa nimefura kwa hasira. Mwuza kabichi kutoka kwetu Werugha alinikuta sokoni akaniambia kidonda cha mama kimefunguka tena. Mama ana ugonjwa wa sukari, na nyayo zake zimekufa ganzi. Daktari wa Mombasa alimtengenezea soli za mpira laini za kuweka ndani ya viatu, zimebonyea chini ya kidole gumba ili uzito usikae kwenye kidonda. Alituonya wazi kwamba kikifunguka tena, mguu huenda ukakatwa. Njia nzima nilimlaani daktari yule kwa kutudanganya na soli zake.

Mwatate basi lilisimama, watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Mimi sikula. Abiria wa kando yangu akaniuliza, "Ndugu, umefiwa?" Nikamjibu, "Bado."

Wundanyi nilishuka kwenye baridi nikashika njia ya miguu. Mawe yenye ncha kila mahali! Kila nilipojikwaa niliuwaza mguu wa mama usiosikia kitu.

Nyumbani nilimkuta shambani akipalilia maharagwe, amevaa raba kuukuu. Nilimketisha nikamvua moja. Ndani hamkuwa na kitu ila damu iliyokauka.

"Mama, soli ziko wapi?"

"Ziko salama. Nimeziweka ndani ya viatu vya kanisa."

"Vya kanisa?"

"Kitu kizuri namna ile nikanyagie matope? Watu watasema nini, Mwadime?"

Nilimwosha kidonda, nikamfunga kwa kitambaa safi.

Jumapili asubuhi tulikwenda ibadani, na hapo nusura nipasuke. Mama alishuka kilima na raba zake zilezile, viatu vizuri amevibeba mkononi kama akina mama wote wa kwetu. Mlangoni akajifuta miguu, akavivaa, akaingia akaketi. Akaketi! Ibada nzima soli za daktari zilimlinda mtu aliyekaa kitako. Tulipotoka alivivua tena, na jirani akamsifia, "Viatu vyako havizeeki!" Mama akatabasamu kwa raha.

Mchana, alipokuwa jikoni, nilizichomoa zile soli nikazikanyagia kwenye matope mekundu mpaka rangi yake ikapotea. Kisha nikaziosha vizuri kwa sabuni, nikazikausha. Madoa yalikataa kutoka, kama nilivyotaka. Nikazitia kwenye raba.

"Umeziharibu!" mama alilia alipoziona. "Umeharibu vitu vya kanisa!"

"Sasa ni za shamba. Vaa, mama."

Alivaa kwa hasira, maana kanisani hazingeingia tena na kuzitupa hakuweza.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi na chungu. Sijapata kutoka kwetu bila mzigo wa viazi na maharagwe, lakini safari hii nilifika Kaloleni, mtaani kwangu Voi, mikono mitupu. Hata kwaheri hakunipa. Na bado nina hasira, kwa sababu kwetu kitu kikizidi uzuri hakitumiki, kinafungiwa, na mwenye kukihitaji anaumia huku akikitazama.

Dada yangu anayeishi na mama ameniletea habari wiki hii. Kidonda kimefunga. Mama yuko shambani tangu asubuhi, na jina langu hataki kulisikia. Na asilisikie. Heri aninunie akiwa na miguu yote miwili.